Jina Langu Chini ya Jukwaa

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Mimi nilizaliwa na nyota! Mmiliki mpya wa gazeti kafagia chumba kizima cha habari – wapigapicha wote, Ilka wa habari za manispaa, hata mama wa kahawa. Kabaki nani? Mimi Dezső, mwandishi wa mpira, niliyeishia darasa la nane! Mpira hauna siasa, bwana. Mhariri Kornél kanipiga bega: wewe tunakuhitaji.

Nimemnunulia Ilka bia. Hakucheka hata kwa ule mzaha wangu wa kipa na padri. Kilichomponza ni habari aliyoandika ya ufa – jukwaa la mashariki, uwanjani kwetu. Jukwaa jipya. Kajenga shemeji wa meya.

Jumatano, 4 Oktoba

Sasa habari zinakuja zimeshapikwa Budapest, sisi kazi yetu kupakua. Leo nafungua gazeti – ukurasa wa kwanza: “Jukwaa Imara Kama Mwamba.” Na jina langu! Sijaandika hata nukta.

Nikamvaa Kornél, naye: “Anko Dezső, si ulilia miaka yote uwekwe ukurasa wa kwanza? Basi tulia.”

Mke wangu kaikata habari, kaibandika kwenye friji.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimekwenda na Ilka kuuona ufa. Umezibwa na maganda ya mbegu za alizeti, watu wetu bila mbegu hawaangalii mpira. Nikachokoa kwa kidole. Kiganja kizima kikazama.

Nimeandika habari – hii yangu kweli, makosa na yote. Kornél kaisoma, kaifuta mbele ya macho yangu. Nikapumzike, eti.

Jumapili, 8 Oktoba

Jukwaa limefurika, watoto wa shule safu za mbele. Nimepiga kelele getini: msikae huko! Jirani yangu Zsombor, mjukuu mabegani, kafa kwa kicheko.

“We mzee, umeshalewa? Si uliandika mwenyewe! Mke wangu alikataa mtoto asije, nikamwonyesha jina lako.”

Akapanda.

Walinzi wamenisukuma mpaka huku chini ya jukwaa, kwenye kibanda cha bia. Ilka kakimbilia zimamoto, hajarudi. Naandika kwa kuwa mikono sijui niifanye nini.

Bao! Wanaruka wote. Maganda yananinyeshea daftarini – yanapenya kwenye ufa kutoka juu mpaka huku. Sitoki. Zsombor yuko juu yangu na yule mtoto.

Ile nyota ni uongo. Hapakuwa na bahati. Waliniacha mimi kazini kwa sababu watu wananiamini.