Ulisema Uko Jikoni

Mama,

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa Kizulu hukutaka kukisikia mezani, na Kiingereza ulisema ni cha kuombea kazi. Basi sikiliza, maana nina hasira na wewe, na hapa mtaani kwetu Chatsworth huwezi kumgombeza maiti kwa sauti bila majirani kusema umechanganyikiwa.

Jumanne ile meli yetu ilikuwa imefunga gati kwenye kisiwa kimoja kule Karibiani. Abiria wote walishuka kwenda kuogelea. Chumba chetu cha kufulia kilikuwa kimya, mashine moja tu inazunguka, na msimamizi akatupa ruhusa mpaka jioni. Siku nzima, mama! Miezi saba sikuwa nimepata siku kama hiyo. Nikanunua kadi ya simu, nikaingia kwenye kibanda pale bandarini na aiskrimu mkononi, nikakupigia.

"Niko jikoni, mafuta yanaungua," ukasema. "Nakaanga sambusa za madrasa. Piga Ijumaa."

Nikasikia magurudumu. Nikauliza ni nini hicho. Hata hukusita: "Jirani anavuta pipa la taka, si Jumanne leo?" Kumbe ulikuwa hospitali, siku ya sita, na ile ilikuwa toroli ya chakula wodini. Kukaa huwezi, lakini nguvu ya kumsingizia jirani pipa unayo!

Dakika mbili tu tuliongea. Kadi iliyobaki nikampa Hamisi, yule Mtanga niliyekuwa nagawana naye kabini. Na siku ile nikaifanyia nini? Nililala. Nikanyoa ndevu. Nikaenda kutazama wazungu wakisukwa nywele ufukweni. Ningeweza kukaa nawe kwenye simu mpaka jua lizame, hata kama ungekuwa unakoroma tu.

Ijumaa nikapiga kama ulivyoagiza, mtoto mtiifu. Akapokea Zaituni. "Tumemzika jana."

Dada yangu ulimwapisha. Ulimshikisha msahafu pale kitandani kwamba hataniambia kitu, ili nisivunje mkataba. Mkataba wa kufua mashuka, mama! Na kwa kuwa ulikuwa umeshazikwa, nikaumaliza. Nimerudi nimekuta kaburi lako limeota majani, na dada nisiyeweza kumtazama usoni. Wiki tano tumekaa nyumba moja tukiongea ya lazima tu: nipe chumvi, umefunga mlango? Yeye ndiye anayekaanga sambusa zako sasa. Hazina pilipili ya kutosha, watoto wa madrasa wamelalamika, na mimi nikafurahi walalamike. Huko ndiko nilikofika. Nilikuwa nimeshaenda mtaa wa Greyville kuangalia chumba, nihame, nisimwone tena.

Jana alasiri Hamisi akanipigia. Yuko kisiwa kilekile, abiria wameshuka, amepata siku yake. "Vipi, ndugu yangu? Unalala? Unakula?"

Mama, silali. Suruali zangu zote sasa nazifunga kwa kamba. Nikamjibu, "Sharp, kaka, niko poa kabisa. Ila nimeshika kazi hapa, nipigie wiki ijayo." Nikakata. Nilikuwa nimekaa sebuleni, sijashika hata kijiko.

Zaituni alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga. Akanitazama, akasema taratibu, "Eish. Mama kabisa."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikajikuta nacheka, kisha nalia. Akaweka bakuli chini, akakaa sakafuni, akanisimulia siku zako zote nane. Alivyokuwa akitoka wodini kwenda kulia ngazini ili usimwone. Alivyoshika simu mara tatu anipigie, akakumbuka kiapo, akairudisha. Ulimtwika mzigo usiokuwa wake, mama, na mimi nikamwongezea mwingine juu.

Nikampigia Hamisi tena. Nikamwambia silali.

Kwa hiyo sihami. Na nakuahidi, kwa kuwa mimi na Zaituni tumeshakubaliana: anayeumwa atasema anaumwa, hata mwenzake akiwa mwisho wa dunia na mkataba wake mfukoni. Kama huko uliko unakasirika kwamba tunavunja agizo lako, kasirika, zamu yako imefika. Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako. Nakupenda. Kukusamehe bado, mama, lakini najitahidi.

Mwanao