Mwali Ametoka na Soksi Nyeupe

Mbagala Kizuiani,
Nyuma ya msikiti,
Dar es Salaam.
13 Januari, 1994.

Mpendwa kaka yangu Twalib,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza kabla ya ugomvi, maana ugomvi upo na utaukuta mbele. Goti lako linaendeleaje, lile ulilojigonga kwenye ngazi za meli? Limepona au bado unalifunga kitambaa? Na zile homa za huko Kigoma zimekuachia? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini akianza kugombana na kuku wa jirani tunajua mapafu yake bado mazima.

Dagaa na mawese tumeyapata, ahsante sana. Dagaa tumekula na nusu ya mtaa. Mawese Mama ameyaficha uvunguni, anasema ni dawa, na hataki kusema ni dawa ya nini.

Barua yako nayo ilifika. Umeandika kwamba Mwanaheri asitoke ndani mpaka mwezi wa nane, utakapokuja likizo, apigiwe ngoma Kisarawe kama walivyopigiwa kina bibi zetu. Umeandika pia kwamba shule itasubiri. Nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena, nikidhani labda macho yangu yamekosea. Jibu langu ni hapana, kaka. Nitakueleza sababu, kisha nitakueleza nilichofanya. Usirukie mwisho, nakujua.

Mwanaheri ni mwanao, hilo sibishi. Lakini tangu mama yake alipotangulia mbele ya haki, ulinikabidhi mimi shangazi yake kwa mkono wako, mbele ya Mama, ukasema siku yake ikifika nitakuwa kungwi wake. Siku ilifika mwezi wa kumi na moja alipovunja ungo, nami nikamweka ndani kama inavyopasa. Sikuomba ushauri wa mtu. Mwezi uliofuata yakatoka majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Shule nzima ya pale kwetu wamepita watoto wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mwanao yumo. Hukunipongeza hata kwa neno moja kwenye barua yako. Hukumpongeza na yeye.

Umesema shule itasubiri. Nani kakwambia? Karatasi ya kuitwa imesema aripoti Jumatatu ya tarehe kumi, na asiyeonekana ndani ya wiki moja nafasi yake anapewa mwingine. Hao wengine wapo, kaka, wamepanga foleni na wazazi wao nyuma yao. Mwezi wa nane ungemkuta mwali amenawiri, ngozi inang'aa, ngoma inalia, na shule hana.

Unakumbuka mwaka wa Azimio? Mimi nilikuwa darasa la sita. Niliwekwa ndani miezi tisa. Kila asubuhi nilikuwa nasikia kengele ya shule, kisha sauti yako ukimwita Bakari dirishani kwao muondoke pamoja. Nilipotolewa nilikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, watu wakanituza, wakanishangilia, na kule shuleni dawati langu lilikuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyeniuliza. Nililia siku ile, mkadhani nalia kwa haya za mwali.

Siilaumu ngoma. Ningeilaumu nisingekuwa kungwi. Nimewafunda mabinti wengi hapa Mbagala na najivunia. Ninachokataa ni kumfunga mtoto kwa miezi kisa baba yake likizo yake iko mwezi wa nane. Ngoma ni yetu, na kalenda ya ngoma tunaipanga sisi.

Halafu kuna Shamimu, yule binti wa mtaa wa pili ambaye baba yake anauza samaki wa kukaanga. Mwaka juzi alichaguliwa, akawekwa ndani, akaripoti shule wenzake wameshafika mbali. Lakini kuchelewa siko kulikomwangusha. Sisi ndani tunamfundisha mwali kuinamisha uso, asijibu mbele ya wakubwa, akiulizwa atulie na kungwi ndiye amsemee. Shamimu akaenda nayo darasani vilevile. Mwalimu anamuuliza, yeye kimya, macho kwenye vidole vya miguu. Mwalimu akaona kiburi, akampa viboko. Akamuuliza tena kesho, kimya, viboko. Kabla ya Ramadhani alikuwa amesharudi nyumbani, na leo anamsaidia baba yake kugeuza samaki. Hakuna aliyemwambia kwamba adabu ya huku ni kosa kule.

Mimi nilikuwa karibu kufanya kosa hilohilo, tena kwa mwanao. Nilimwomba Mwalimu Felicitas, yule Mhaya anayefundisha hapa shule ya msingi, aje amsomeshe Mwanaheri Kiingereza kidogo mchana, maana sekondari masomo yote ni kwa Kiingereza na watoto wanafika hawajui hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Wanawake walinung'unika, eti mtu wa bara anaingiaje chumba cha mwali. Nikawaambia waniletee mtu wa pwani anayejua Kiingereza, nitamruhusu huyo. Hakuletwa mtu.

Mwalimu akaketi mkekani, akamuuliza Mwanaheri jina lake kwa Kiingereza. Mwanaheri akainama. Akamuuliza anaishi wapi. Akainama zaidi, kidevu kinagusa kifua. Mimi nimekaa pembeni nimejaa fahari, naona mwali wangu kafundika kweli. Mwalimu akanigeukia taratibu, akasema, "Bi Rukaiya, huyu mtoto ni mgonjwa?"

Niliona aibu mpaka nikacheka. Kumbe mie ndiye niliyekuwa nikimtengeneza Shamimu wa pili, kwa bidii na kwa mapenzi.

Usiku ule sikuandika barua, nilitunga wimbo. Kungwi asiyeweza kutunga wimbo ni mchukua mkeka tu. Mambo ya ndani siwezi kukuandikia, wewe ni mwanamume, lakini huu si wa siri na sasa hata watoto wa mtaani wanauimba wakicheza rede:

Mwali, macho chini kwa mwenye mvi,
Mwali, macho juu kwenye ubao.
Ukijua sema, usipojua uliza,
Kimya cha ndani kiache ndani.

Tukauimba kila siku. Nilimfunda asubuhi mambo yetu, Mwalimu akamfunda mchana mambo yao. Alijifunza kutumia vitambaa vyake akiwa mbali na nyumbani, na nani wa kumwendea siku zikimkuta darasani. Alijifunza kwamba konda akimsukuma kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi asirudi nyumbani kulia, asimame asubiri gari lingine. Alijifunza kwamba mwenye gari anayempa mtoto wa shule lifti na soda hampi bure. Hilo nililisema kwa ukali, na nikalirudia.

Nikaona bado. Mtoto anafundwa, anarudi kwa wazazi wasiofundwa, itafaa nini? Nikawaita wazazi wa mtaani kwetu ambao watoto wao wamechaguliwa, waje barazani Jumapili. Nikatandika mkeka mkubwa na kuwaketisha wote, miguu wameinyoosha mbele kama wali wanaofundwa. Akina baba pia. Bakari, rafiki yako yuleyule, sasa ni fundi baiskeli na mwanawe wa kiume naye kapita. Akagoma kuvua viatu. Nikamwambia mwali havai viatu mkekani. Akavua, na soksi yake imetoboka kidole gumba, watu wakacheka mpaka aibu ikaisha kwa wote.

Mwalimu Felicitas akawaambia ukweli wasioutaka. Kwamba mtoto aliyekuwa wa kwanza hapa anaweza kuwa wa mwisho kule katika mtihani wa kwanza, kwa sababu ya lugha, na asipigwe kwa hilo. Kwamba hatafundishwa na mwalimu mmoja anayemjua mpaka bibi yake, bali kila somo na mwalimu wake, na hakuna atakayemfuata nyuma. Kwamba akirudi amechoka si uvivu. Mimi nikaongeza la kwangu: mtoto akiingia mlangoni asitumwe gengeni kabla hajakaa, na ndoo ya maji isiwe inamsubiri yeye tu kwa sababu ni msichana. Wanawake waliniangalia vibaya hapo. Waangalie tu.

Bakari akasema kwa sauti ndogo, "Mie nimeishia la saba, dada. Kizungu sijui hata cha kuombea maji. Nitamsaidiaje huyu mtoto?"

"Akirudi mwambie akueleze kwa Kiswahili alichojifunza," Mwalimu akamjibu. "Ukimwelewa wewe, basi na yeye kaelewa. Usipoelewa, mrudishe akaulize."

Bakari akajifuta uso kwa kofia yake. Nakuandikia hili kwa sababu yule mtu ana goti bovu na shida kama wewe, na alikuja.

Sasa Mama. Najua unamtegemea yeye anizuie. Barua yako ilipofika nilimsomea yote, sikuruka neno. Siku tatu hakusema na mimi. Anakula chakula changu, anakohoa, anageukia ukutani. Nikasema moyoni basi, nimemkosea mama yangu, lakini sirudi nyuma. Maji nimeshayavulia nguo. Siku ya nne alitoka nje na fimbo yake, akasimama mlangoni kwa mwali, akasema, "Mie nimetoa wali nyie hamjazaliwa. Mwali anatolewa na kungwi, hatolewi na posta." Kisha akadai chai.

Jumatatu alfajiri tukamtoa. Hatukumpigia ngoma kubwa, hiyo bado ipo. Kumtoa tumemtoa, kumcheza bado. Tulimwogesha, tukampaka mafuta, tukamvika sare. Viatu ni vya mitumba vya Tandika lakini nimevipiga rangi mpaka unajiona, na soksi nyeupe mpya. Juu ya sare nikamtanda kanga ya mama yake, ile ya harusi yenu. Nikainama, akapanda mabegani mwangu kama anavyobebwa mwali yeyote, nikatoka naye mlangoni vigelegele vikipigwa. Mwana mzito, kaka! Amekua.

Wanaume wa kahawa wakaacha vikombe. Mmoja akapiga kelele, "Mwali na soksi? Mambo gani haya?" Mama yetu akamjibu kutoka nyuma, na jibu lenyewe siwezi kuliandika kwenye karatasi. Wimbo ukaimbwa mpaka barabara ya Kilwa. Mwalimu Felicitas kabeba mkoba. Pale nikamshusha, nikamvua kanga, akabaki mwanafunzi. Aliniangalia usoni, macho juu kabisa. Nililia, na safari hii kila mtu alijua kwa nini.

Jioni alirudi na habari. Mwalimu wa jiografia alimuuliza swali, akasimama, akainua uso, akajibu. Alikosea. Darasa zima likacheka. Akaniambia hakuinama, alibaki amesimama akamwomba mwalimu arudie. Nimefurahi kuliko kama angepatia.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Mwanao ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na hatarudi ndani kwa barua yako wala ya mtu mwingine. Ngoma yake imehamishiwa likizo ya mwezi wa sita. Watu wa Kisarawe nimeshawatumia habari. Waliocheka wamecheka, na wapiga ngoma wamekubali. Sikuombi ruhusa, nakualika. Waambie wakubwa wako kazini kwamba una mwali.

Msalimie sana wifi Tupokigwe, mwambie kitenge alichonipa wenzangu wanakionea wivu. Mbusu mwanenu Farhan, na aanze kuulizwa mapema amejifunza nini. Bakari anakusalimu, anasema goti lake pia halijambo. Mama anakusalimu kwa sharti kwamba utume mawese mengine. Mwanaheri anakupa shikamoo, anakuandikia mwenyewe kwa Kiingereza akishajua, uhangaike kutafuta wa kukusomea. Mungu akulinde ziwani na nchi kavu, akupe afya na moyo mwepesi.

Neno la mwisho. Siku ya kumtoa watu walimtuza. Peni, madaftari, sabuni, Bakari katoa rula, Mama katoa senti kumi yake ya zamani yenye tundu. Vyote viko kwenye sinia chumbani kwa mwanao, na kila nikitaka kulifunika ananizuia. Anasema bado, baba hajaweka. Mcheza kwao hutuzwa, kaka. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini njoo ukasirikie hapa, mkononi umeshika kitu cha kuweka kwenye sinia.

Ni mimi nikupendaye bila kukuogopa,
dada yako,
Rukaiya.