Waholanzi Wameipenda Nyumba ya Mama

Mesohori, Karpathos
14 Septemba

Mpendwa Dada Rigopula,

Pokea salamu zangu kutoka huku ulikozaliwa. Hujambo? Shemeji Nikitas mgongo unamwendeaje? Na baridi ya Melbourne imepungua, au bado mnalala na soksi? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi za kanisani. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unaongea wewe.

Sikukuu ya Bikira tumeila salama. Watu walijaa, mbuzi walichinjwa, ngoma ya duara ikachezwa hadi mpiga zeze akavimba vidole. Marukla wa jirani alicheza na viatu vipya akachubuka, sasa anatembea pekupeku na kuwalaumu watakatifu. Anakusalimu.

Sasa habari uliyoingoja. Wanunuzi walikuja, wakaiona nyumba, wameipenda. Ni mke na mume kutoka Uholanzi, watu wazima wenye mvi, wanataka mahali pa kupumzikia wakati wa kiangazi. Mke anaitwa Hanneke, amejifunza Kigiriki darasani na anakisema polepole, kama anayevuka mto juu ya mawe. Dalali Vasos anasema kila kitu kimekwisha, bado mhuri wako tu.

Ninajua nyumba ni yako. Ya mama humwendea binti wa kwanza anapoolewa, na kifungua mimba ni wewe. Sijawahi kubishana na mila hiyo, hata nilipobaki hapa kumwosha na kumlisha mama hadi majira ya baridi yale aliyotutoka. Lakini Dada, uliponiambia unaiuza kwa sababu imekaa bure, mimi nilikuwa nimeketi ndani yake, nimeshika simu.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana najua Vasos amekupigia na kujisifu. Nilikuwa nimeazimia wasiinunue. Marukla ndiye aliyenipa akili. Alisema, "Kalitsa, we acha dirisha la upande wa mbuzi wazi, wanuse. Na usiwape hata maji! Mgeni akikaa na kiu saa moja, anakumbuka kwao." Vasos naye alinitisha mlangoni: "Mama Kalitsa, ufa wa ukuta wa nyuma usiutaje. Ukibanwa, kohoa."

Nikautaja ufa kabla hawajavua kofia. Nikataja upepo wa Februari unaong'oa milango, maji yanayokatika Agosti, na nyoka aliyezaa chini ya tanuri. Vasos akawa mwekundu kama pilipili. Mume akaniuliza nyoka huyo alikuwa wa aina gani, akaonekana amefurahi.

Basi wakawa wamesimama katikati ya chumba. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Lakini mtu amevuka kizingiti cha mama, Dada, amesimama mikono mitupu! Sikumbuki nikiamua. Niliona tu mikono yangu imeshika sinia: maganda ya chungwa chungu niliyoyapika kwa sukari, kijiko kimoja kwa kila kisahani, glasi za maji baridi, kahawa ikifuata nyuma. Nikawaketisha kwenye jukwaa la mbao tulilokuwa tukilala sote wanne, wazazi na sisi wawili, pale penye mto aliotarizi mama.

Hanneke aliweka kijiko mdomoni, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Akamwambia mumewe kitu kwa lugha yao, kisha akanigeukia: "Tumeona nyumba nyingi. Hakuna aliyetukaribisha."

Vasos akanikonyeza. Nje aliniambia, "Haki ya Mungu, mama, ningekuwa na mmoja kama wewe kila kijiji ningekuwa tajiri!" Marukla aliposikia alipiga makofi ya uchungu: "Mjinga wewe! Umeiuza mwenyewe kwa kijiko!" Na kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Safari hii mgeni amekuja, mwenyeji anahama.

Sikulia. Ningependa kukuandikia kwamba nililia, ingekuwa barua nzuri zaidi. Nimekufa ganzi, kama mkono ulioulalia. Naamka, nafagia, nawapa kuku chakula, napaka chokaa kwenye ngazi, halafu nakumbuka ngazi si zetu tena, namalizia kuzipaka. Sina hasira nawe. Naitafuta nisiione.

Sahani za ukutani ulizouliza nimezifunga kwa magazeti, na picha takatifu aliyotuachia bibi pia. Paa halivuji. Jukwaa wanataka libaki kama lilivyo. Nitatoa funguo siku ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba.

Nisalimie wanao Minas na Arhontula, na mjukuu wetu yule niliyemwona kwenye picha tu. Mwambie shemeji Nikitas mafuta ya zeituni ya mwaka huu nitampelekea kwa mtu yeyote atakayekuja huko.

Bado neno moja. Walipokuwa wakiaga, Hanneke alirudi mlangoni akanishika mkono. Akauliza kwa kile Kigiriki chake cha mawe, "Na wewe, mama, utakwenda kukaa wapi?" Vasos akainama kutazama viatu vyake. Katika simu zako zote, Dada, umeuliza paa, umeuliza sahani, umeuliza ufa. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kuuliza hilo. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nina dada."

Alifurahi sana. Alisema alikuwa na wasiwasi, na sasa atalala vizuri.

Mtu aliyekula kwenye sinia ya mama sipendi awe amedanganywa. Niandikie kabla ya Mtakatifu Dimitri, uniambie kama nilimwambia kweli.

Bikira akulinde wewe na nyumba yako,

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kalitsa