Baba Mkwe Anataka Kusema Alichomaanisha

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijakosa vyote viwili, mke na kitabu, maana mimi ni mhadhiri wa falsafa na kwa miaka mingi nimekuwa nikifasiri kazi ya mwanafenomenolojia mmoja asiyejulikana, yaani mmoja wa wale wanaotufundisha tulitazame jambo kama linavyotujia kabla ya kulivika maoni yetu, naye aliandika kitabu kimoja tu, kuhusu kungoja, nami nimethibitisha kwamba kwake kungoja ni upweke mtupu, hakuna anayengojwa, na kazi yangu iko kwa mchapishaji, ila mwanafalsafa huyo ni baba mkwe wangu, na tangu moyo uanze kumsumbua amehamia kwetu, chumba kilichopakana na jiko. Amesoma rasimu yangu, akamwambia mke wangu, "Mwambie mwanangu aje tuzungumze, kuna mahali amenisingizia." Tangu hapo jikoni sikanyagi, hata maji nayanywa kazini. Nilimweleza mke wangu kwamba mwandishi akishaandika, maana si yake tena. Akasema nisipoingia kwa baba wiki hii, wote wawili wanahamia kwa kaka yake. Daktari naye anasema mzee hana siku nyingi. Je, si busara ningoje kitabu kitoke kwanza?

Mwenye Kiu

Mwenye Kiu, pole, ingawa pole yenyewe ni ya mkeo. Sema kweli: unangoja kitabu kitoke, au mzee azikwe asikukosoe? Mtu mzima ovyo. Unawafundisha watoto wa watu walitazame jambo lenyewe, na jambo lenyewe linakohoa nyuma ya ukuta, wewe umeziba masikio. Kama maana si yake tena, unamkimbia kwa nini? Kitabu chake sijakisoma, lakini najua huyo mzee anamngoja mtu, na mtu huyo ni wewe. Tena amekuita mwanangu, hakukuita mhadhiri.

Leo ukirudi, ingia jikoni, chemsha chai, bisha hodi kwake. Rasimu iache mezani. Muulize umemsingizia wapi, kisha funga mdomo mpaka amalize. Kesho mpigie mchapishaji asimamishe kazi, na mkeo umwombe radhi bila kumtolea mhadhara.

Maana mzee akiondoka hujaingia, msibani utaitwa wewe useme machache kumhusu marehemu, kwa kuwa ndiye mtaalamu wake. Na mkeo atakuwa amekaa mstari wa mbele, anakusikiliza.