Kufuli la Tatu

Jumatatu, 7 Julai
Nimemenya kahawa mpaka mikono inanuka. Kisha barua kwa watu wa Kihagara, kule ziwani: waje Jumamosi. Kikundi chetu cha kukopeshana kilianza na akina mama kumi hapa Namswea, tukikaa nyuma ya kanisa. Mwaka jana wakaingia wenzetu wa kijiji cha Ukata. Sasa hata watu wa ziwani wanatutaka! Mimi ndiye katibu. Nimevimba kichwa, acha nivimbe.
Wana sharti moja: sanduku lifunguliwe mbele ya macho yao. Waliwahi kutapeliwa na kikundi kingine. Siku ya kugawana, sanduku tupu.

Jumanne, 8 Julai
Nimelipangusa sanduku vumbi. Makufuli matatu, watunza funguo watatu. Sheria: kila mmoja afiche wake, asimwambie hata mume. Wangu nimeuchimbia ndani ya gunia la kahawa kavu, pale chumbani. Mwizi gani atachambua gunia zima?

Jumatano, 9 Julai
Nimerudi sokoni, chumba cheupe. Baba Tuzo kapeleka magunia yote ghalani. Anatabasamu, eti amenipunguzia kazi. Nimeshindwa hata kumgombeza. Mume wangu hana kosa. Sheria niliitunga mimi.

Alhamisi, 10 Julai
Ghalani. Magunia ya kikundi kizima yamepangwa pamoja, hayajaandikwa majina. Mtunza ghala hataki mchezo: halifunguliwi hata moja bila wenyewe wote kuwepo. Nikasema kuna kitu nimesahau humo.
"Kitu gani, mama?"
Nikaaga. Najichukia leo.

Ijumaa, 11 Julai
Nimewaza kukata kufuli. Lakini Kihagara wakikuta limekatwa, watasema hawa nao ni walewale, na watashuka zao ziwani. Kuwaambia ukweli naona aibu. Maharage yameungua.

Jumamosi, 12 Julai
Wamefika na dagaa ndoo mbili. Shikamoo zikaisha. Makufuli mawili yakafunguka, wote wakanigeukia.
Nikasema yote.
Mwenyekiti wa Kihagara, Mama Haule, akaangua kicheko mpaka kitenge kikamlegea. "Yaani hata wewe mwenyewe huwezi kuiba? Haya jamani, twendeni ghalani!"
Wenye magunia wote walikuwepo, mtunza ghala akafungua mlango. Tukatandika maturubai, tukamwaga gunia baada ya gunia. Namswea, Ukata, Kihagara, wote magoti chini. Mtani mmoja wa Ukata akauliza kama na pete yangu ya ndoa imo. Wale wa ziwani wana vidole vyepesi, wamezoea kuchambua dagaa. Gunia la kumi na saba, ufunguo ukatokea mkononi mwa Mama Haule. Vigelegele! Hata mtunza ghala alipiga makofi.
Sanduku likafunguliwa. Kila kitu kimo. Wamejiunga wote.
Mimi nimevuliwa ufunguo. Kura zote, na yangu pia.

Jumapili, 13 Julai
Misa. Chai. Ugali kwa dagaa, Baba Tuzo kaongeza mara mbili. Bado nanuka kahawa.
Ufunguo umeteremka Kihagara na Mama Haule. Sasa bila watu wa ziwani hatufungui.
Sijui ameuficha wapi. Sitamuuliza.