Kushikwa na Okello

Nyanchama, Mzee Oyoo amekubali! Akeyo anaolewa na Joab wangu!

Haya, sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo, Mama Atuti? Watoto ni wazima? Ng'ombe wenu huko Sotik wanatoa maziwa? Sisi hapa kambini tu wazima kwa neema ya Mungu, na mimi nimenenepa kwa furaha.

Najua unashangaa, maana ulipohama mzee yule alikuwa amekataa katakata, akisema binti yake hawezi kuolewa na uchovu. Ulisikia watu wakichoka wanasema wameshikwa na joabu, lakini chanzo chake niliona haya kukueleza. Nilikuwa nimelala na homa. Joab akamaliza kazi yake, kisha akaingia safu yangu akaichuma pia, nisipoteze siku. Jioni miguu ikamwisha nguvu, akaketi katikati ya michai. Okello nyapara, mtu wa kwetu kabisa huko ziwani, alijua sababu. Bado akaita kambi nzima ije imwone mwanamume aliyeshindwa na majani. Jina la mkuu wa jeshi la Mfalme Daudi likageuzwa ugonjwa! Hata kanisani likisomwa, watu walijiziba midomo.

Nilingoja. Mungu si Athumani. Mvua hii kubwa ilipokuja, lori lilizama topeni chini ya mlima, na majani yakaanza kuharibika kwa joto ndani ya magunia. Bwana mkubwa akaamuru kila mtu abebe gunia hadi kiwandani juu, manyapara pia. Okello, ambaye mgongo wake haujui kikapu! Hakufika hata nusu ya mlima. Aliketi kwenye tope anahema kama mbwa, gunia limemlalia miguuni. Joab alikwisha peleka lake. Akashuka, akabeba na lile la Okello. Mzee Oyoo, si unajua ndiye anayechochea moto pale kiwandani, aliliona likifika na akauliza ni la nani; alipoambiwa, hakumwita tena mwanangu uchovu. Huyo ndiye mtoto niliyemzaa mimi, Nyanchama, kwa tumbo hili hili.

Sasa kambi nzima inasema neno jipya lilizuka lenyewe. Wewe peke yako nakuambia ukweli: ni mimi. Nilimpita Okello pale topeni nikasema kwa sauti, jamani, leo nimeshikwa na okello! Wanawake walicheka hadi wakatua mizigo. Kesho yake nikawagawia watoto miwa ili wakalisemee mlangoni kwake. Siku hizi hata sokoni Sigowet wanalisema.

Juzi alikuja kwangu amejikunyata, akaniita mama, akaomba nilikomeshe. Nikamuuliza, mbona la mwanangu halikukoma? Mchungaji anasema nisamehe. Nitasamehe, ila kwanza niumalize utamu. Nimempa Okello sharti moja: asimame mbele ya wakwe zetu aseme kwa kinywa chake siku ile Joab alikuwa akifanya kazi ya nani. Ameitikia huku anatazama chini.

Msalimie Baba Atuti, na umbusu Gesare mdogo kwa niaba yangu.

Ni mimi rafiki yako,
Jerusa, mama yake Joab

Okello atasema kabla ya chakula, kwa hiyo msichelewe. Njooni nyote harusini, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane.