Mshale Kwenye Mchoro wa Zamani

Jumatatu, 9 Machi

Sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimemwagilia maji ua la ofisini — la plastiki!

Kisa ni mfuko wa mlango wa gari. Mshona viti vya magari ameomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake: ukifungua mlango, sakafu ya mfuko inapanda, vitu vinakujia mkononi, huhangaiki kupapasa. Mimi, mkaguzi wa maombi hayo, nikachimbua hataza ya zamani sana: mfuko wenye springi chini na mfuniko juu, ili vitu visigongane safarini. Nikaandika: hakuna jipya, dai limekataliwa. Barua ilishakwenda. Alhamisi anakuja kujitetea.

Bosi kafurahi. Hili likipita salama nathibitishwa kazini. Sitampelekea tena kila barua aisaini.

Basi mbona sina amani? Kwa sababu ukishasoma ombi jipya, kila hataza ya zamani inaonekana ilishasema hayo hayo. Ndio ugonjwa wa kazi hii.

Jumanne, 10 Machi

Nimepata dawa. Wifi yangu hajui lolote kuhusu ombi la mshona viti. Alikuwa anakunja nguo, nikamwekea mbele fotokopi ya mchoro wa ile hataza ya zamani. Kifaa hiki kinafanya nini? Akautazama kidogo. Kinapandisha vitu juu, wifi. Nikashusha pumzi! Nikamuuliza kajuaje. Akanishangaa — si mshale huu hapa, unaelekea juu?

Mshale.

Ni wangu. Niliuchora kwa penseli kwenye nakala yangu siku ya kwanza, nikiwa nawaza. Kwenye fotokopi iliyotolewa kwa nakala hiyo umekolea kama mistari mingine.

Jumatano, 11 Machi

Nimeshuka masjala. Mchoro halisi hauna mshale. Na maelezo yake, leo nimeyasoma kama vile sijawahi kumsikia mshona viti: springi ina kizuizi, sakafu inacheza upana wa kidole tu. Inatosha kukata kelele. Haipandishi kitu.

Na barua yetu ilikwenda na fotokopi ile ile.

Nimemwambia bosi. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema springi ni springi. Mama wa watu, huyo mshona viti, asipouliza, tusijipalie makaa. Kisha kaniuliza watoto hawajambo.

Naona haya, na nina hasira pia — na nafsi yangu kwanza.

Alhamisi, 12 Machi

Kaja peke yake, bila wakala. Mama wa makamo, vidole vimechakaa kwa sindano. Nikamwamkia. Hata hakukaa vizuri. Kasema hana la kubishana, mwanangu. Ule mshale kauona kwa macho yake, kuna mtu alimtangulia, na yeye si mwizi. Miaka yote hii alidhani ni chake. Analiondoa ombi, asitupotezee muda.

Nikafungua mdomo. Bosi akaniwahi: nenda kalete fomu ya kuondoa ombi. Na jicho alilonitupia — unaona, limekwisha lenyewe.

Niko mezani kwangu. Fomu ninayo. Mchoro halisi pia, niliuazima masjala asubuhi. Mlango uko wazi, namwona kavaa miwani tayari. Bosi anampigisha soga za mvua. Naandika ili nisiinuke kwanza.

Mama ananiita. Anauliza, mwanangu, huna kalamu hapo nitie saini?

Ninayo moja tu. Ndiyo hii ninayoandi—